Ubao wa Kushoto, Ubao wa Kulia

Kilichomtisha fundi Libère hakikuwa vita. Vita alikuwa ameshaizoea, kama mtu anavyomzoea jirani mlevi: yeye anapiga kelele, wewe unageukia ukutani unalala. Kilichomtisha ni kabati la Illuminée.

Illuminée alikuwa jirani yao pale Biryogo, mtaa wa Kigali, mwanamke wa maneno mengi na vyombo vingi, na alikuwa ameomba kabati la sahani la milango miwili, basi. Libère akapima, akakata, akapiga randa, akalibeba mwenyewe kichwani mpaka kwake. Illuminée akasimama mikono kiunoni. Akalitazama upande huu, akalitazama upande ule.

"Libère weye," akasema, "umeniletea sanduku la maiti, ukaliwekea milango!"

Wote waliokuwepo wakaangua kicheko, na Libère akacheka nao, maana ukichekwa na usicheke, unakuwa umechekwa mara mbili. Lakini alipolitazama vizuri kwa mbali, kicheko kilimkauka. Ilikuwa kweli. Kabati lilikuwa pana mabegani na limebana miguuni. Hakuna aliyemwambia alikate vile. Mikono ilikata yenyewe, bila kumuuliza mwenye mikono.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa meza. Ofisi nyingi za Kacyiru zilikuwa na meza zake, zenye droo zinazoingia kimya, na wakubwa waliweka viwiko juu yake bila kujua jina lake, jambo ambalo halikumsumbua hata kidogo. Kisha vita ikaingia mwezi wa kumi mwaka wa tisini, na watu wakaacha kuagiza meza. Kwanza walikuja ndugu wa askari, wakitaka masanduku. Halafu watu wa vyama walipoanza kurushiana mawe, na baada ya mawe grenedi, wakaja ndugu wa watu wa sokoni. Na tangu mwezi wa pili wa mwaka huu wa tisini na tatu, Byumba, mkoa wa kaskazini, ilipokimbia karibu yote ikahamia kwenye kambi ya Nyacyonga, chini ya mahema ya plastiki, wakaja akina mama. Parokia ilileta mbao, Libère alipiga misumari. Mbao ziliingia ndefu, zikatoka fupi.

Alikuwa amechoka. Si ule uchovu unaooshwa kwa maji ya moto na sahani ya ugali. Ni ule ambao ukiamka asubuhi unaukuta umekaa kwenye ukingo wa kitanda, umeshavaa viatu, unakungoja.

Kila alasiri, alipofunga karakana, mlango wa tatu kutoka nyumbani, na kuingia uani, mkewe Kanyange alimpokea kwa swali lile lile, mwiko mkononi.

"Baba Goreti, leo kimetoka nini?"

"Kimoja kikubwa. Viwili vidogo."

"Vidogo kiasi gani?"

Libère aliachanisha viganja vyake hewani, na Kanyange alivitazama viganja vile, kisha akarudi kwenye chungu chake. Hakuuliza kwa udaku. Alisema mtu hawezi kuondoka hapa duniani akapita mlango wa tatu kutoka kwako, wewe usijue hata urefu wake. Kwa kila kimoja alisali Salamu Maria huku akikoroga maharage, na maharage yakiungua, alisema siku hiyo walikuwa wengi.

Hao wawili walikuwa watu wa ziwa. Walizaliwa Rumonge, Burundi, ambako mtoto hujua kuogelea kabla hajajua kudanganya, na baba yake Libère alikuwa fundi wa mashua. Mwaka wa sabini na mbili walikimbia wakiwa vijana, wakafika Kigali, mji wa vilima usio na ziwa la kueleweka, na hapo ufundi wa baba ukabaki bila kazi. Libère akageukia meza. Mwaka huu Warundi wengi walikuwa wanafunga mizigo kurudi kwao. Binti yao Goreti, aliyeolewa Bujumbura, aliwaita. Libère alisema waende wenye nguvu za kufunga mizigo.

Basi ndipo alipokuja Jean-Berchmans.

Jean-Berchmans alikuwa katekista wa parokia, mtu mwembamba, mwenye haraka, aliyezungumza Kiswahili kama anavyotembea mtu kwenye mawe ya mtoni. Alikuja na vijana wa kwaya wamebeba gogo begani.

"Fundi, iko na mti hapa," akasema akihema. "Wewe toboa katikati tu, tunapata mashua ya Petero Mtakatifu. Sikukuu yake iko karibu. Watoto wane watabeba, ndani tunaweka ndizi na mikate ya matoleo, mpaka kwa altari. Nirifikiri, nani anajua mambo ya mashua? Nikasema, Murundi yure wa Rumonge!"

Libère alilitazama gogo. Kwa Wanyarwanda wa vilimani, mashua ni mti uliochimbwa tumbo, na chombo kingine kilichochimbwa vile vile ni umuvure, kile wanachokamulia ndizi za pombe.

"Mwalimu," akasema, "huo ukishachimbwa utakuwa umuvure. Petro alikuwa mvuvi, hakuwa mpika pombe."

Vijana wakacheka. Jean-Berchmans akafuta jasho, hakujua kama acheke au aungame.

"Sasa mashua yenyewe iko namna gani?"

"Ina mbavu," Libère akasema. "Na juu ya mbavu ina mbao nyembamba, moja moja, kama nguo. Acha hilo gogo hapo, nitalikalia."

Jioni ile aliingia uani, na kabla Kanyange hajafungua kinywa, akasema: "Mama Goreti, nataka kitu kimoja tu kitoke mlango ule kisiende makaburini. Kimoja. Nikishindwa hicho, nitajua mikono hii haijui tena kitu kingine, na nitaizika nayo."

Kanyange alimtazama sana. Katika miaka yote ya vita hakuwahi kumsikia akitaka kitu.

"Basi anza kesho," akasema.

Akaanza kesho yake. Si mashua kubwa; ilikuwa mfano tu, wa urefu wa mkono, wa kubebwa juu ya machela mabegani mwa watoto wanne, lakini Libère aliijenga kama baba yake alivyojenga zile za kwenda Uvira, ng'ambo ya ziwa. Kwanza mkuku, ule mti wa chini unaobeba mashua nzima, uti wa mgongo wake. Juu ya mkuku akasimamisha mbavu, jozi kwa jozi, zikawa zinafanana na samaki aliyekwisha kuliwa. Kisha akapasua ubao wa mti wa gereveriya vipande vyembamba, vya upana wa vidole viwili, akaviangalia, akaangalia huku na huku, akaenda kuiba sufuria.

Maana samaki mkunje angali mbichi, na ubao ukunje ungali wa moto. Bila kuchemshwa, ubao mwembamba haukubali kuzunguka ubavu. Unavunjika na kukuchoma kiganja. Sufuria pekee lenye urefu wa kutosha lilikuwa lile Kanyange alilopikia maharage wakati wa wageni. Kanyange alilikuta karakana siku ya tatu, lina rangi ya kutu na harufu ya msitu.

"Libère!" Akiwa amekasirika humwita jina lake. "Leo wageni wakija watakula maharage au mlango?"

"Watakula wasali," akasema Libère, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu utani kumtoka. Kanyange alirudi nyumbani akijifanya bado ana hasira.

Alifanya kazi ile katikati ya kazi nyingine. Akimaliza sanduku, huchemsha ubao mmoja, huukunja, huutia gundi na vijisumari vyembamba, hufunga kamba mpaka ukauke. Ubao wa kwanza upande wa kushoto. Wa pili juu yake. Wa tatu. Zilishikana bila hata nafasi ya kupitisha unywele. Upande wote wa kushoto ulipokamilika, alipitisha kiganja juu yake toka mbele hadi nyuma, na kiganja hakikukwama popote. Alikaa juu ya gogo la Jean-Berchmans akautazama, na moyo wake ulikuwa mwepesi. Lazima niseme hivyo, kwa sababu wepesi huo haukudumu.

Asubuhi yake alikuja kuanza upande wa kulia. Akaweka jicho nyuma ya mashua, akaangalia mkuku, akafumba jicho, akaangalia tena. Mkuku ulikuwa umepinda. Mbao zilipokuwa zinakauka zilikuwa zinavuta, zote upande mmoja, na hakukuwa na kitu upande wa pili cha kuzivuta zirudi. Mashua ilikuwa imejikunja kama ndizi.

Hapo ndipo sauti ya baba yake ilipomjia, ikiwa imechelewa miaka ishirini na moja. Baba yake alikuwa akisema mashua ni mume wa wake wawili. Ukimnunulia mmoja kitenge, mnunulie na mwenzake siku hiyo hiyo. Ubao wa kushoto, ubao wa kulia. Mpe huyu, mpe huyu, la sivyo nyumba itapinda. Mtoto yeyote wa Rumonge anajua. Libère mwenyewe alikuwa anajua. Lakini ni sanduku ndilo linalojengwa upande mmoja mpaka uishe, kisha unageuka kwenda wa pili, na mikono ilikuwa imejenga hivyo tena bila kumuuliza.

Hakutukana. Angetukana ingekuwa afadhali. Aliinua ile mashua iliyopinda akaitupa kwenye kona, chini ya maranda ya mbao, akafunga karakana jua likiwa bado juu.

"Leo kimetoka nini?" Kanyange akauliza.

"Hakuna. Mikono imekwisha, Mama Goreti. Nilikuambia."

Akamweleza. Kanyange akasikiliza mpaka mwisho, akatoa sufuria jikoni. Lilikuwa lile lile kubwa, limesuguliwa likang'aa.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema. "Chukua. Nimeshazoea maharage yenye ladha ya mlango."

Alilichukua kwa sababu hakuwa na nguvu za kubishana. Hivyo ndivyo mashua ya pili ilivyoanza, si kwa matumaini, bali kwa uchovu tu, maana kukataa nako ni kazi.

Safari hii aliongea peke yake kama kichaa. "Kushoto," alisema, akachemsha, akakunja, akafunga. "Kulia," akasema, akachemsha mwingine. Watu walioleta vipimo vya masanduku walimkuta akinong'ona, wakadhani anasali. Alipomaliza sanduku la mtu, mikono ilitaka kuendelea na kona na pembe, naye akaiambia polepole, kama anavyoambiwa ng'ombe aliyezoea njia moja: kushoto, kulia. Wiki zikapita. Jean-Berchmans akawa anapita kila siku kuangalia, anaingia kwa ncha za vidole kama kuna mgonjwa ndani. Mkuku ulikuwa umenyooka.

Wiki ya sikukuu ilifika. Mashua ilikuwa juu ya benchi, imebakiza ubao mmoja tu, wa juu kabisa upande wa kulia. Libère alikuwa ameshauchagua na kuutia kwenye maji yanayochemka, Jean-Berchmans alipoingia na mwanamke nyuma yake.

"Fundi, samahani. Huyu iko Daphrose, anatoka kambini Nyacyonga. Mutoto wake arikuwa hospitali." Akafanya ishara ya msalaba. "Arikuwa."

Daphrose alikuwa kijana. Alivaa kitenge kimoja kiunoni, na kingine amekifunga mgongoni kama wanavyofunga wenye watoto, hakina mtu ndani. Libère aliondoa sufuria motoni. Alichukua utepe wa kupimia, akauliza kwa Kinyarwanda kile anachouliza siku zote.

"Pole, mama. Urefu wake?"

Mwanamke akainua mikono. Hakuachanisha viganja kama wanavyofanya wote. Aliikunja mikono yote miwili mbele ya kifua, mmoja chini na mmoja juu, ikawa na nafasi ndogo iliyopinda katikati.

"Urefu, mama," Libère akarudia. "Toka kichwani mpaka miguuni."

Daphrose akakunja mikono vile vile.

Libère aliona hasira inapanda, hasira ya mtu aliyechoka, ambayo haina adui. Nyuma yake ubao ulikuwa unapoa majini. "Mama, mimi siwezi kukata mbao kwa hivyo! Alikuwa mrefu kiasi gani akinyooka?"

"Hakuwahi kunyooka," Daphrose akasema. "Alizaliwa njiani, tukikimbia. Mgongoni alikuwa amejikunja. Kwenye hema hakukuwa na nafasi, alilala tumboni kwangu, amejikunja. Hospitali pia. Mimi simjui akiwa amenyooka."

Daphrose akaanza kutazama karakana, mbao zilizosimama ukutani, masanduku mawili yaliyokuwa tayari yenye pembe zake nne nne. Jean-Berchmans akasogea taratibu akasimama mbele ya mashua ya sikukuu, kama mtu anayeficha nyama. Hakuhitaji. Mwanamke hakuitazama mara mbili. Alikwenda kwenye kona, akainama, akafukua maranda kwa mikono, akatoa ile ya kwanza, yenye upande mmoja, iliyopinda.

"Hii," akasema.

"Hiyo imeharibika, mama," Libère akasema. "Imepinda. Ni kosa langu, niliijenga kama… niliijenga vibaya."

Daphrose aliikumbatia. Aliiweka ndani ya ile mikono yake iliyokunjwa, na ile mashua ikakaa humo bila kuzidi na bila kupungua.

"Ndivyo alivyokuwa," akasema.

Libère alikaa juu ya gogo. Alitazama mlango wa karakana, kisha mashua ya sikukuu, kisha ile mikononi mwa mwanamke. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Kimoja! Hata kosa lake, lililotupwa kwenye takataka, lilikuwa limeitwa kaburini likaitika. Alitaka kulia, na kwa kuwa alikuwa amechoka mno kuzuia, alilia kidogo, waziwazi, mbele ya katekista. Kisha akasimama akarudisha sufuria motoni.

Ubao uliochaguliwa kwa ajili ya Petro Mtakatifu ndio uliotangulia. Ubao wa moto unataka watu wawili kuukunja, mmoja kila ncha, na Daphrose alishika ncha ya mbele bila kuambiwa. Ulimchoma, hakuuachia. Wakaenda hivyo, ubao kwa ubao, upande wa kulia wote, wakiufuata mpindo ule badala ya kupigana nao, na mbao zilikubali kama zilikuwa zinajua njia. Jean-Berchmans alichochea moto, moshi ukamliza, au alisema ni moshi. Mwisho Libère alikata kifuniko, akikichora kwa kufuata ukingo, na kifuniko nacho kikawa na mpindo. Hakikuwa na kona hata moja.

Daphrose alifungua kitenge cha mgongoni, akakitandika ndani, akakibonyeza vizuri. Akashukuru kwa kuinamisha kichwa. Wakatoka wawili, yeye na Jean-Berchmans, na hakukubali kusaidiwa kubeba.

Libère alifagia. Alifunga mlango, akaingia uani. Kanyange alikuwa anachambua maharage.

"Baba Goreti, leo kimetoka nini?"

"Mashua," Libère akasema.

Kanyange aliruka, maharage yakamwagika. Akapiga vigelegele mpaka Illuminée akachungulia ukutani. "Nilisema! Nilisema mimi! Mikono imekwisha, mikono imekwisha, mikono gani?" Akamnyang'anya ufunguo na kukimbia na kandambili zake kwenda karakana, akaone benchi tupu, akapige magoti hapo ashukuru.

Hakukawia. Alirudi akitembea polepole, ufunguo umening'inia kidoleni. Alikuwa ameikuta mashua ya Petro juu ya benchi, imenyooka, haina ubao wa mwisho. Na alikuwa ameitazama kona, maranda yamefukuliwa.

Alikaa kando ya mumewe kwenye kizingiti. Illuminée aliona nyuso zao, akaondoka ukutani bila neno, jambo ambalo Biryogo lilikuwa habari kubwa.

"Ilikuwa ndogo kiasi gani?" Kanyange akauliza.

Libère aliinua viganja kama siku zote, akavishikilia hewani, akashindwa. Kisha akaikunja mikono yote miwili mbele ya kifua chake, mmoja chini na mmoja juu, akakaa hivyo.

Kanyange aliitazama mikono ile kwa muda mrefu, akasali Salamu Maria yake mpaka mwisho.

"Kule karakana," akasema, "upande wa kulia umebaki ubao mmoja."

"Mmoja," Libère akasema.

"Nitakushikia ncha," akasema Kanyange, akainama kuokota maharage.